Stempu, Bahasha na Safu Niliyoisahau

Najua niliahidi kwamba makala ya leo ingekuwa sehemu ya pili ya ile ya kutengeneza nakala rudufu za hifadhidata kila usiku. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Lakini juzi mwenzangu kazini aliikuta albamu yangu mezani saa ya chakula cha mchana, akaifungua, akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: "Wewe ni mtu wa Njoro, Jumapili unaimba kwaya, Israeli hujafika hata kwa ndoto. Hizi stempu za Wayahudi ni za nini?"

Nilimjibu kwa mzaha kwamba kila mtu ana wazimu wake, akacheka, tukaendelea kula. Jibu la kweli ni refu, na lina aibu ndani yake. Tena ukilitazama vizuri ni jibu linalohusu nakala rudufu, kwa hivyo sijaondoka mbali sana na ahadi yangu.

Babu yangu alikuwa mpishi katika shamba moja karibu na Njoro tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi 1963, shamba lilipouzwa. Meneja wa shamba na mkewe walikuwa Wajerumani, ama hivyo ndivyo tulivyoambiwa sisi watoto. Babu hakusoma sana lakini alipenda stempu. Mama wa nyumba ile alikuwa akimpa bahasha tupu baada ya kutoa barua, naye alizitia katika mkebe wa biskuti. Hakuzikata wala kuzibandua. Alizipanga zimesimama, kama faili za ofisini, na wageni wakija aliwaonyesha.

Mwaka wa 2012, nikiwa kidato cha pili, nilisoma katika kitabu cha maktaba ya shule kwamba mkusanyaji mzuri huloweka stempu katika maji ya uvuguvugu hadi gundi ilegee, kisha huzikausha juu ya karatasi na kuzipanga kwenye albamu. Likizo ilipofika nilichukua mkebe wa babu, nikajaza beseni maji, nikaloweka bahasha kama arobaini kwa siku moja. Stempu zilitoka safi kabisa. Bahasha zilizobaki nilizianika, na zilipokauka zikatumika kuwashia jiko.

Babu alipokuja jioni alitazama gazeti lililojaa stempu, akauliza, "Umezitoa zote?" Nikamwambia zote. Akasema haya, akaenda kunawa mikono. Mimi nilidhani amefurahi.

Katika zile bahasha, moja tu ndiyo ninayoikumbuka. Mgongoni ilikuwa na jina la aliyeituma, limeandikwa kwa mkono uliolala, na katikati ya jina hilo kulikuwa na neno nililoweza kulisoma: Sara. Shangazi yangu anaitwa Sara. Nilikimbia jikoni na bahasha inachuruzika maji, nikamwambia, "Shangazi, kumbe wewe ni Mjerumani!" Tulicheka sana. Kisha nikairudisha kwenye beseni.

Stempu yake haikunivutia. Ilikuwa ya Ujerumani, rangi ya buluu, pfennig 25, yenye kichwa cha mzee Hindenburg, rais aliyekufa 1934. Zilichapishwa nyingi mno na hadi leo ni za bei ya chini. Kilichonivutia ni stempu tatu zenye maandishi ambayo sikuwa nimeyaona popote isipokuwa pembezoni mwa Biblia moja ya mchungaji. Mojawapo ilikuwa na sura ya Einstein, na kando yake mlingano ule ambao mwalimu wetu wa fizikia aliupenda, E = mc². Ilitolewa na posta ya Israeli mwaka wa 1956, mwaka mmoja baada ya Einstein kufariki. Mtoto wa kidato cha pili anayependa hesabu akipata stempu ya namna hiyo katika mkebe wa babu yake, hahitaji sababu nyingine ya kuanza kukusanya.

Basi nikaanza. Nilipoingia chuo kikuu kusomea sayansi ya tarakilishi, hifadhidata yangu ya kwanza ya maana haikuwa ya wanafunzi na alama zao kama za wenzangu. Ilikuwa ya stempu zenye maudhui ya Kiyahudi. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa watengenezaji programu, wacha niwaambie kwamba hakuna data iliyonifundisha kazi kuliko hiyo.

Chukua zile za kwanza kabisa za Israeli. Dola ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na siku mbili baadaye, tarehe 16, stempu zilikuwa dirishani posta. Ziko tisa, kuanzia mil 3 hadi mil 1000, na zinaonyesha sarafu ambazo Wayahudi walizipiga walipoasi dhidi ya Warumi, uasi ulioanza mwaka wa 66 na ule wa 132. Ukizitafuta neno Israeli hutaliona. Zilichorwa na Otte Wallish na kuchapishwa kwa siri kabla viongozi hawajaamua nchi itaitwaje, kwa hivyo zikaandikwa "Doar Ivri", yaani Posta ya Kiebrania. Sisi tunaotoa programu kabla mteja hajaamua jina la bidhaa tunaielewa shida hiyo. Jina lenyewe lilingoja stempu za mwaka mpya wa Kiyahudi, Septemba mwaka huohuo.

Na hapo kwenye mwaka mpya ndipo programu yangu ilipoangukia pua. Stempu za sikukuu huandikwa mwaka wa Kiyahudi kwa herufi, kwa sababu katika Kiebrania kila herufi ina thamani ya nambari. Zile za 1948 zina herufi za 400, 300 na 9. Jumla ni 709, lakini mwaka wenyewe ni 5709, maana zile elfu tano huachwa, kila mtu anajua zipo. Waliohangaika na mwaka wa 2000 kwa sababu ya tarakimu mbili zilizoachwa watacheka hapa. Kisha mwaka huo huanza Septemba ama Oktoba, kwa hivyo kuupata wa kwetu unatoa 3761 kwa miezi ya mwanzo na 3760 kwa inayobaki. Programu yangu ilitoa 3760 kila mara, na stempu za Septemba 1948 zikahamia 1949. Ongeza maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto ndani ya ukurasa unaotoka kushoto kwenda kulia, na utaelewa kwa nini Yunikodi ilininyima usingizi mwezi mzima.

Halafu kuna ule "mkia". Katika karatasi ya stempu za Israeli, zile za mstari wa chini huwa na kipande cha ziada kisicho na bei, chenye maandishi ama picha ndogo. Stempu yenye mkia huthaminiwa kuliko isiyo nao, na katika zile za juu za 1948 tofauti ni kubwa ajabu. Nikaongeza safu: ina mkia, ndiyo au hapana. (Zangu za 1948 ni tatu za bei ya chini, na zote hapana.)

Safu niliyoipenda zaidi iliitwa "maudhui". Kila stempu ilipewa neno moja ama mawili kulingana na picha yake. Stempu ya Hanuka ya Marekani ya 1996, ya senti 32, ya kwanza ya nchi hiyo kwa sikukuu hiyo na iliyotolewa pamoja na Israeli: "sikukuu". Stempu za Palestina chini ya Waingereza za 1927 zenye kaburi la Raheli: "mahali". Zile za 2011 ambazo Liberia, Sierra Leone na Gambia zilitoa kuwakumbuka Wayahudi waliopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, Helen Suzman kwenye ya Liberia na Ruth First kwenye ya Gambia: "watu". Kila kitu kikapata kisanduku chake. Hindenburg wa buluu hakuingia kabisa. Kichwa cha rais wa Ujerumani kina maudhui gani ya Kiyahudi? Nilimtia katika bahasha ya plastiki pamoja na za kubadilishana na wenzangu.

Mwaka wa 2021, nikiwa nimeanza kazi, usiku mmoja nilikuwa nikipitia picha za bahasha za zamani za Ujerumani. Nikakuta moja ya 1939, imepigwa picha mbele na nyuma. Nyuma, katikati ya jina la mwanamke aliyeituma, paliandikwa Sara. Inayofuata, ya mwanamke mwingine, mji mwingine: Sara. Ya tatu, ya mwanamume: Israel. Ya nne: Sara tena.

Sababu ni hii. Mwezi wa Agosti 1938 serikali ya Wanazi ilitoa amri kwamba kila Myahudi ambaye jina lake la kwanza halikuwa katika orodha iliyoidhinishwa, aongeze jina: wanaume Israel, wanawake Sara. Ilitakiwa itekelezwe kufikia Januari 1939. Lilikuwa alama, ili karani wa posta, wa benki ama polisi ajue anashughulika na nani bila kuuliza. Ndiyo maana wanaokusanya historia ya posta ya Wayahudi hutafuta bahasha hizo nzima. Stempu iliyo mbele ni ileile kila Mjerumani aliyoinunua. Ushahidi uko nyuma, kwenye karatasi.

Niliamka nikatafuta ile plastiki ya stempu za kubadilishana. Hindenburg wangu alikuwepo. Muhuri wa posta uligonga nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, na nusu ya bahasha niliiwashia jiko. Kwenye stempu zimebaki herufi tatu, LAU, na nambari 39. Pfennig 25 ilikuwa nauli ya barua ya kawaida kwenda nchi za nje. Basi mwanamke aliyelazimishwa kuitwa Sara aliandika barua mwaka wa 1939, mji unaoishia na LAU, akaipeleka posta ije Njoro. Jina lake la kweli nililishika mkononi na nililisoma, na sikulihifadhi.

Babu alikuwa amefariki tangu 2015. Mwisho wa wiki hiyo nilipanda matatu nikaenda kwa nyanya. Yeye alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba ileile, huko ndiko walikokutana na babu.

Nilimweleza. Alinisikiliza akichambua mboga, kisha akasema, "Hiyo ya Ujerumani naijua. Ilikuwa wiki ile wanafunga mizigo. Memsabu alitoa barua ndani, akaikunja, akaitia mfukoni. Bahasha akampa babu yako. Akasema, hii ni ya mama yangu, mpishi, stempu chukua wewe."

"Mama yake alikuwa anaishi wapi, nyanya?"

"Si alikuwa aje. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, hakilaliwi na mtu. Tulikuwa tunabadilisha shuka kila Ijumaa. Nilipoandikwa kazi nilikikuta hivyo, na walipoondoka nikakiacha hivyo."

Nikamwambia, nyanya, bahasha niliichoma. Akanyamaza kidogo. "Babu yako alikaa na bahasha hizo miaka hamsini na hakubandua hata stempu moja. Wewe kijana hukujiuliza ni kwa nini?"

Sikuwa nimejiuliza. Mimi nilidhani ni kwa kuwa hakusoma kitabu cha maktaba.

Miji ya Ujerumani inayoishia na LAU si mmoja, lakini mkubwa kuliko yote wakati huo ulikuwa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, na jamii yake ya Kiyahudi ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi Ujerumani. Vita vilipoanza Septemba 1939, posta ya kawaida kati ya Ujerumani na makoloni ya Uingereza ilikatika. Kilichobaki ni fomu za Msalaba Mwekundu, maneno yasiyozidi 25 kwa kila ujumbe. Novemba 1941 treni iliwachukua Wayahudi wa Breslau hadi Kaunas, Lithuania, na huko Ngome ya Tisa wakapigwa risasi pamoja na waliotoka Vienna. Siwezi kusema yule mama alikuwemo. Ningekuwa na jina ningetafuta katika orodha za Yad Vashem, kule Jerusalem, dakika tano tu. Sina jina. Nina LAU na 39.

Baada ya safari hiyo niliifumua hifadhidata yangu yote. Mwanzo kila mstari katika jedwali ulikuwa stempu. Sasa kila mstari ni kitu kilichosafiri: bahasha, kadi, ama fomu. Kina picha ya mbele, picha ya nyuma, mtumaji, mpokeaji, mihuri yote, tarehe ya kutoka na ya kufika. Stempu ni jedwali dogo linaloning'inia hapo. Safu ya "maudhui" bado ipo, lakini haijazwi tena kwa kutazama picha.

Mabadiliko hayo yaliniletea vitu ambavyo vilikuwa karibu nami muda wote nami sivioni. Ninayo stempu ya Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, toleo lililoanza 1903, yenye kichwa cha mfalme Edward wa Saba. Ukiitazama ni mfalme tu. Lakini mwaka huohuo Uingereza iliwapa viongozi wa harakati za Kizayuni fursa ya kuwahamishia Wayahudi katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao hadi 1902 ulihesabiwa kuwa Uganda, na ndiyo maana hadi leo wanauita Mpango wa Uganda ilhali ni kwetu hapa Kenya. Mkutano wa Basel wa Agosti 1903 ulipiga kura 295 dhidi ya 178 kutuma watu waje kuikagua ardhi. Walifika, wakazunguka huko mwanzoni mwa 1905, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukakataa. Barua yoyote waliyotuma kutoka huku ingebeba stempu ya aina hii ya mfalme.

Ama Gilgil, mwendo mfupi kwa gari kutoka kwetu. Kuanzia Machi 1947 hadi Julai 1948 Waingereza waliwazuia hapo wanaume wa vikundi vya siri vya Irgun na Lehi, waliofukuzwa Palestina kuanzia Oktoba 1944 na kupitishwa Eritrea na Sudan. Mmoja wa waliofukuzwa hivyo, Meir Shamgar, alisomea sheria ya chuo cha London kwa njia ya posta akiwa kizuizini Afrika, na mwaka wa 1983 akawa rais wa Mahakama Kuu ya Israeli. Barua zao zilipita mikononi mwa wakaguzi. Stempu zao zilikuwa za Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye kichwa cha mfalme George wa Sita, zilezile ambazo babu alikuwa nazo kumi na kitu. Niliziloweka zote. Sijui zilitoka wapi kwenda wapi.

Kwa hivyo mwenzangu wa kazini, kama unasoma, hilo ndilo jibu. Mkusanyo wangu wa Kiyahudi ulianza na Einstein kwa sababu picha yake ilinipendeza. Unaendelea kwa sababu ya bahasha moja ambayo haimo.

Na nyinyi wengine, kabla sijarudi kwenye ile makala ya nakala rudufu, nawaomba jambo moja. Kama kwenu kuna mkebe, sanduku ama mfuko wa karatasi za wazee, msiziloweke wala kuzikata. Pigeni picha mbele na nyuma, hata kwa simu, hata kama nyuma hamwoni kitu. Kisha muulizeni mwenyewe angali hai kwa nini amezitunza, na muandike jibu lake. Mimi nilikuwa na miaka mitatu ya kumuuliza babu na sikumuuliza.

Kumbukumbu nambari moja katika hifadhidata mpya nimeijaza hivi: Ujerumani hadi Njoro, 1939. Stempu: Hindenburg, pfennig 25, buluu. Muhuri: LAU. Mtumaji: mama yake memsabu; kati ya majina yake, Sara, ambalo si lake. Picha ya mbele: hakuna. Picha ya nyuma: hakuna. Hali ya bahasha: niliichoma mimi, Agosti 2012.

Tukutane wiki ijayo.